Mkunga amesusa dagaa: nimpe nini?

"Assalaam aleikum. Mwanangu amekwenda kusoma Dar es Salaam, akaniachia tangi la maji ya bahari la lita 300 hapa Mbweni, Unguja. Ndani mna mkunga mdogo, yule samaki mrefu kama nyoka, mweupe mwenye madoa meusi na vitone vya njano, urefu wake kama mkono hadi kiwiko, na samaki vipepeo watatu: wawili weupe wenye uzi kwenye pezi la mgongo, wa tatu wa njano mwenye mistari membamba ya zambarau. Chakula cha vidonge hakuna anayekigusa. Kwa hivyo kila siku nanunua dagaa wabichi Malindi, nawaosha kwa ndimu na chumvi, nawatia. Mkunga kala vizuri miezi minne, sasa wiki ya pili anasusa, na akitoka pangoni anakwenda upande na kukosa shabaha. Nikimwachia dagaa usiku ale akishikwa na njaa, asubuhi maji yana ukungu na harufu. Vipepeo weupe wanadonoadonoa, wa njano hali kitu tangu aletwe. Jirani anasema vya bahari vibichi vina maradhi, nichemshe. Mwengine anasema nimpe maini ya kuku. Nifanye nini?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Una mambo matatu yaliyoshikana hapo: mkunga anayesusa, maji yanayoharibika na kipepeo asiyekula. Acha nianze na la haraka. Leo usitie chakula chochote. Chukua tochi, mulika nyuma ya mawe na ndani ya pango la mkunga, toa kila kipande cha dagaa utakachokiona, kisha badilisha robo ya maji. Mkunga mwenye afya hukaa wiki kadhaa bila kula asidhurike, lakini maji yaliyooza yanaweza kumuua kwa usiku mmoja. Maji mapya yachotwe bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari na mifereji ya mji, na si baada ya mvua kubwa, maana mvua za masika hupunguza chumvi ya maji ya ufukweni na kuteremsha tope.

Ukishamaliza hilo, kaa tuzungumze.

Kwa sifa ulizonipa, huyo ni mkunga ambaye wataalamu humwita Echidna nebulosa, mwenyeji wa miamba yetu. Watu wakisikia mkunga huwaza yule mkubwa mwenye meno ya sindano anayemeza samaki. Wako si wa namna hiyo. Meno yake ni mafupi na butu, ya kuvunjia magamba, na baharini riziki yake kubwa ni kaa na kamba. Samaki atakula akimpata, kama alivyokula dagaa wako, lakini hakuumbwa aishi kwa samaki watupu. Kwa hivyo neno "msusaji" tumwondolee. Amelishwa miezi minne chakula ambacho kwake ni cha pembeni.

Ukipata nafasi mtazame anavyomeza. Anauma, anatulia kidogo, kisha kipande kinazama kooni bila ya yeye kutafuna wala kuvuta maji mengi. Mkunga ana taya mbili, ya mdomoni na nyingine kooni, na hii ya kooni husogea mbele, hukamata chakula na kukivuta ndani. Rita Mehta na Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilieleza jambo hilo mwaka 2007. Mwaka 2021 Mehta na mwenzake wakaonesha kwamba mkunga wa aina hii hii uliyo nayo anaweza kumeza windo akiwa nje ya maji kabisa. Nakupa habari hizi kwa faida yako. Akitema kipande na kukirudia usidhani kakikataa, anakigeuza tu apate kukishika vizuri. Na mfuniko wa tangi uwe mzito usio na upenyo, maana anayeweza kula nchi kavu hatoona tabu kutoka.

Kilichonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako ni kule kwenda upande na kukosa shabaha. Samaki wengi wa jamii ya dagaa na saradini, wakiwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoitwa thiaminase, ambacho kazi yake ni kuvunja vitamini B1. Kinaanza kuivunja ndani ya dagaa mwenyewe baada ya kufa, na kinaendelea tumboni mwa aliyemla. Mlo mmoja hauna neno, wala miwili. Miezi minne ya dagaa watupu ni habari nyengine: akiba ya B1 mwilini inakwisha, na bila ya vitamini hiyo ubongo na mishipa ya fahamu haviwezi kupata nguvu kutokana na chakula. Dalili huanza kwa kukosa hamu ya kula. Hufuata kupoteza mizani na kukosa shabaha, na mambo yakizidi samaki hukakamaa na kutetemeka. Ubaya wake ni kwamba kila akizidi kususa, ndivyo B1 inavyozidi kupungua.

Sisi wenyewe tunakula dagaa mwaka mzima bila ya shida hiyo kwa sababu tunawapika, na moto hukiharibu kimeng'enya hicho. Barafu haikiharibu. Dagaa aliyekaa kwenye friza mwezi mzima bado anacho, na B1 yake mwenyewe inazidi kupungua humo humo.

Siwezi kukuthibitishia kwa barua kwamba huyo ana upungufu wa B1. Maji yenye amonia, ile sumu itokayo kwenye chakula kinachooza, nayo humfanya samaki alewe, apoteze mizani na asitake kula, na wewe mambo yote mawili unayo. Bahati nzuri ni kwamba matibabu ya mwanzo hayapingani: safisha maji, acha dagaa kabisa kwa sasa, na akianza kula mtilie B1 ndani ya chakula. Vidonge vya B1 peke yake vinauzwa kwenye maduka ya dawa. Wanaofuga wanyama wanaokula samaki, hata pomboo, hutumia miligramu 25 hadi 30 kwa kila kilo ya samaki anayelishwa. Kwa hesabu hiyo kidonge cha miligramu 100 kinatosha kilo tatu na zaidi, kwa hivyo kwa mlo wa mkunga wako unahitaji chembe tu ya unga wake, kiasi cha kushikika kwenye ncha ya kijiti. Ipenyeze ndani ya mwili wa kamba muda mfupi kabla ya kumlisha. Ukiitia kwenye maji ya tangi umeitupa.

Sasa ushauri wa majirani. Yule wa kuchemsha amegusa jambo la kweli, ila kwa sababu nyengine. Dagaa akitiwa kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, thiaminase inakwisha, na kama siku moja huna ila dagaa, fanya hivyo. Lakini ukichemsha kamba na ngisi wanakuwa kama mpira, utamu wao unabaki sufuriani, na mkunga huwinda kwa pua. Macho yake ni dhaifu mno. Kitu kisichonukia kwake hakipo. Kuhusu maradhi, ni kweli samaki wabichi hubeba minyoo, na samaki hai hubeba vimelea vya ngozi na matamvua. Dawa yake ni friza, si sufuria. Wiki nzima kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huua minyoo. Friza za nyumbani nyingi hukaribia tu baridi hiyo, kwa hivyo mimi ningeacha wiki mbili. Bakteria hawafi kwa baridi, wanalala, na ndiyo maana kilichokwisha kuoza huwezi kukiokoa kwa kukigandisha. Lile wazo kwamba kilichovuliwa leo ndicho salama zaidi kwa tangi, basi, liache. Kinunue leo, kigandishe leo, kilishe baada ya wiki mbili.

Ndimu na chumvi ni adabu ya jikoni kwetu, na sina ugomvi nayo kwenye sahani ya watu. Lakini shombo unayoiondoa ndiyo anayoitafuta mkunga. Pia ndimu hupika nyama ya juu na kuibadilisha ladha. Suuza kwa maji matamu, chuja, basi. Maini ya kuku hapana: yanayeyuka na kuchafua maji haraka, na mafuta ya wanyama wa nchi kavu hayamfai samaki wa bahari. Na dagaa waliochemshwa na kuanikwa, wale wanaosafirishwa hadi Kongo, usione ndio suluhisho. Thiaminase hawana, lakini mafuta yao yamekwisha chacha juani na chumvi imewazidi.

Kumwachia chakula usiku kucha ndiko kulikokuharibia maji. Dagaa ni laini na ana mafuta. Tumbo lake hupasuka ndani ya saa chache. Bakteria humvamia, na ule ukungu wa asubuhi ni wao. Wanavyokula protini hutoa amonia, na wanavyoongezeka hutumia hewa ya oksijeni ambayo samaki wako wanaihitaji. Joto letu linazidisha mambo: kwenye maji ya nyuzi 28 yenye tabia ya bahari, sehemu ya amonia iliyo sumu ni kubwa kuliko kwenye maji ya baridi, na maji ya moto hubeba oksijeni chache. Chujio la mwanao lina bakteria wazuri wa kuibadilisha amonia hiyo, lakini wamezoea mzigo wa kawaida, si dagaa wanaoachwa kila usiku. Mkunga mpe dakika 20, vipepeo dakika tano. Kilichobaki kitoe kwa kijavu. Kama mwanao ameacha kipimo cha amonia kabatini, kitumie leo na kesho, kisomeke sifuri.

Kwa manunuzi, wewe unakwenda Malindi kila siku, nami nakupunguzia safari. Kamba wadogo wakija dikoni, nunua nusu kilo, wawe na vichwa na magamba yao. Usiwamenye. Magamba ndiyo anayoyataka mkunga huyu, na humo mna madini ambayo minofu haina. Kichwa cha kamba kikianza kuwa cheusi, mwache muuzaji nacho. Tafuta ngisi mdogo mmoja au wawili. Bamvua likija, watu wakiteremka mwambani, pweza na chaza hupatikana wabichi kwelikweli. Mkono mmoja wa pweza unatosha mwezi, ukikatwa vipande vyembamba, maana ni mgumu. Kaa wadogo nao wachukue, uwavunje gamba kabla ya kuwagandisha. Dagaa wenyewe huvuliwa kwa taa usiku wa giza na hupungua mwezi ukiwa mkubwa, kwa hivyo ukitaka wachache wa akiba wanunue gizani wakiwa wengi na wagumu, siyo wale waliokaa wakaregea. Kwa mkunga wasizidi mlo mmoja kila wiki mbili, na si kabla hajapona.

Chaza nakusihi wasitoke karibu na mji. Kazi ya chaza ni kuchuja maji, na kilichomo kwenye maji kinabaki kwake; anayekaa karibu na mfereji wa maji machafu ni mfuko wa bakteria. Wa upande wa Fumba ni bora zaidi. Maji ya barafu ya sokoni, yale yanayochuruzika kwenye mfuko, yasiingie tangini hata tone.

Nyumbani suuza, katakata, tandaza kwenye mifuko bapa ili uweze kuvunja kipande cha siku bila ya kuyeyusha chote. Andika tarehe. Miezi miwili ikipita, yenye mafuta yatupe. Umeme ukikatika hadi vitu vikalainika, usigandishe tena kwa ajili ya samaki. Pika mle wenyewe siku hiyo hiyo kama bado ni vizima, au watupie paka, wao hawana makuu.

Kulisha mkunga kuwe jioni, taa ya tangi ikiwa imezimwa. Chukua kijiti cha mshikaki, kata ile ncha kali, chomeka kamba juu juu, mpitishe taratibu mbele ya pango, mbali kidogo na pua yake, kisha mtikise. Mpe muda anuse. Mkononi usimlishe kamwe, hata akizoea. Haoni vizuri, kidole chako kina shombo ya kamba, na akiuma hukaza. Jeraha lake huingia uchafu upesi, kwa hivyo likitokea osha kwa sabuni na maji mengi, na uende hospitali. Kwa ukubwa wake, kamba mmoja au wawili wadogo kwa mlo, mara mbili au tatu kwa wiki, vinatosha. Kila siku ni kumzidishia, na ini la samaki wanaozidishiwa hujaa mafuta.

Akikataa kamba siku ya kwanza, toa, subiri siku mbili, jaribu kaa aliyevunjwa, kisha ngisi aliyepakwa maji ya chaza. Kuna watakaokuambia umpe kaa hai kutoka ufukweni. Kwa mkunga ambaye hajala muda mrefu, kaa mdogo hai huamsha hamu kuliko kitu chochote, na kaa habebi vimelea vya samaki kama anavyobeba samaki hai. Lakini hatari haikosekani kabisa, na kuna mikunga ambao baada ya kuonja kilicho hai hukataa kilichokufa. Ningelifanya hilo mwisho, mara moja au mbili, kisha nirudi kwenye kijiti.

Vipepeo ni hadithi nyengine. Wale weupe wenye uzi mgongoni ni Chaetodon auriga, na hao wana uvumilivu. Baharini hula minyoo, vipande vya matumbawe laini na vidudu vingi, kwa hivyo wanafundishika. Mdomo wao ni mwembamba, wa kudonoa mashimoni. Dagaa mzima kwao ni mlima. Ndiyo maana unawaona wanadonoadonoa tu. Fungua chaza aliyegandishwa, mwache kwenye nusu ya ganda lake, mweke juu ya jiwe. Watamfuata. Wakishazoea, saga kamba na ngisi mbichi pamoja, changanya na unga wa vile vidonge vya chakula vya mwanao, bandika kwenye ganda tupu la chaza na ugandishe. Kidogo kidogo ongeza vidonge. Wao wanahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kidogo sana kila mara, kwa sababu mwili wao mwembamba hauna akiba.

Yule wa njano mwenye mistari ya zambarau anafanana na Chaetodon trifasciatus, na hapa lazima niseme kweli: huyo chakula chake ni matumbawe hai. Hajui windo jengine, na wengi wa jamii yake hufa kwa njaa tangini hata chakula kikiwa kimewazunguka. Jaribu rojo ile ile ya chaza, lakini ibandike kwenye mashimo ya kipande cha tumbawe lililokufa, pengine umbo litamvuta. Usiende kumvunjia matumbawe hai, hilo halifai. Wala usimrudishe baharini mwenyewe, kwa sababu amekaa na wenziwe tangini na anaweza kubeba maradhi kwenda mwambani. Waulize kwanza maofisa wa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Na mwanao mwambie asinunue tena wa aina hiyo, muuzaji aseme asemavyo.

Kipimo cha kungoja ni hiki. Mkunga akila ndani ya siku kumi tangu umpe kamba wa kwanza, na mwendo wake ukanyooka, endelea. Akianza kutetemeka, kulala mgongo chini, kupumua mbio au kuvimba, au ukiona nyama nyuma ya kichwa imebonyea, usingoje hizo siku kumi. Vivyo hivyo ukiona vitone vyeupe kama chembe za chumvi kwenye miili ya vipepeo. Hayo ni maradhi ya vimelea na chakula hakiyatibu. Pa kuanzia ni Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Buyu, si mbali na kwako, au daktari wa mifugo aliyewahi kushughulika na samaki. Usimbebe mkunga. Beba chupa safi ya maji ya tangi uliyoijaza asubuhi hiyo, video fupi ya simu akiwa anaogelea, na karatasi uliyoandika alichokula na tarehe zake, pamoja na dawa yoyote uliyokwisha kuitia majini.